Besi Imejaa Mlangoni, Kochini Hakuna

SWALI

Shikamoo, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Shemeji yangu aliyeko Muscat aliniletea risiva ya 5.1 iliyotumika (amplifaya ya kuendesha spika za sinema ya nyumbani), spika tano na sabufa ya inchi 10 yenye amplifaya yake ndani. Nimefunga mwenyewe kwa kufuata picha za kitabu. Sebule ni mita 5 kwa 4, dari iko mita 3, ukuta wa tofali za saruji, chini marumaru. TV iko ukuta mfupi, sabufa iko kona ya kushoto ya TV, na kochi liko katikati kabisa ya sebule kwa sababu nyuma yake kuna meza ya chakula. Matatizo yangu: nikikaa kwenye kochi besi siisikii, lakini nikisimama mlango wa korido, kona ya nyuma, inavuma mpaka vyombo vinalia kabatini. Nikipiga muziki kutoka kwenye flashi sabufa haishtuki, inaamka kwenye filamu tu. Maneno ya waigizaji yako chini, milipuko iko juu. Na spika mbili za nyuma zinanyamaza nikiangalia mpira kwenye king'amuzi. Muuza duka anasema sabufa ni ndogo, ninunue ya inchi 15. Ninunue?

JIBU

Marahaba, mwalimu. Usinunue. Sabufa yako ni nzima, na ushahidi umeutoa mwenyewe: kitu kinachotikisa vyombo vya kabatini kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine hakiwezi kuwa kidogo kwa sebule hiyo. Nakushukuru kwa kupima chumba kabla ya kuuliza. Wengi wananiandikia jina la mashine na ukubwa wa spika, chumba hawakitaji, na mara nyingi kosa huwa limekaa chumbani.

Chukua beseni, weka maji, ulitikise taratibu huku na huku. Maji yatapanda ukingo huu, yatashuka, yatapanda ukingo ule. Katikati ya beseni hayapandi wala hayashuki. Hewa ya sebule yako inafanya hivyo hivyo kwa sauti nene, na wewe umeweka kochi pale ambapo maji hayapandi.

Sasa tuweke hesabu, maana wewe ni mwalimu hutaniogopa. Kwa joto la Tanga sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Gawanya kwa Hz, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, unapata urefu wa wimbi: noti ya 80 Hz ina wimbi la mita 4.35, ya 40 Hz lina mita 8.7. Wimbi la 40 Hz ni refu kuliko sebule yako nzima. Likitoka kwenye sabufa linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lile linalokuja. Pale ambapo umbali kati ya kuta mbili unalingana na nusu ya wimbi, yanayokwenda na yanayorudi yanajipanga na kusimama mahali pamoja. Kwenye kuta mgandamizo wa hewa unakuwa mkubwa kabisa, na katikati unakaribia sifuri.

Kwa urefu wa mita 5, wimbi hilo ni la 35 Hz hivi. Kwa upana wa mita 4 ni la 44 Hz hivi. Kwa kimo cha mita 3 ni la 58 Hz. Kochi lako liko nusu ya urefu, basi 35 Hz haifiki hapo. Liko nusu ya upana, 44 Hz nayo inapungua. Kichwa cha mtu aliyekaa kiko kama mita 1.1 kutoka sakafuni, si mbali na nusu ya kimo, kwa hiyo hata 58 Hz inakufikia imechoka. Hizo ndizo noti za mlipuko, za ngoma kubwa, za nyuzi nene za gitaa la besi. Umekaa kwenye kiti ambacho chumba kimezichukua zote tatu. Mlango wa korido uko konani, mahali ambapo kuta mbili zinakutana na sakafu, na hapo mawimbi yote matatu yamepanda kwa pamoja. Ndiyo maana vyombo vinalia.

Kuna jambo la majumba yetu ambalo vitabu vinavyokuja na mashine havilitaji. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za mbao zilizofunikwa kwa bodi za jipsamu. Ukuta wa namna hiyo unanepa kidogo unapogongwa na besi, unaila sehemu, na nyingine inavuja nje. Ukuta wa tofali za saruji haunepi. Karibu kila kinachougonga kinarudi ndani. Kwa hiyo sebule zetu zina besi nyingi zaidi kwa sabufa ileile, lakini besi isiyo sawa: kiti hiki tele, kiti kile hakuna. Ukiona mtu kwenye video ya huko anasema sabufa ya inchi 12 inatosha chumba cha ukubwa fulani, hapa ya inchi 10 huenda inatosha na kubaki, mradi ipangwe.

Ushauri wa muuza duka ungekufikisha wapi? Sabufa ya inchi 15 kwenye kona ileile ingejaza korido maradufu, na kochini ungebaki palepale, kwa sababu sehemu ya beseni isiyopanda haipandi hata ukilitikisa kwa nguvu zaidi. Nilishaitwa kwenye nyumba moja ya Dar es Salaam ambako mzee alikuwa amebadilisha sabufa mara tatu, kila mara kubwa zaidi. Tulisogeza kochi urefu wa mkono mmoja, akakaa, akanyamaza muda mrefu. Zile za zamani zilikuwa bado stoo.

Na namba za wati zisikutishe. Boksi likiandikwa PMPO 8,000, hiyo si nguvu ambayo spika inaweza kuitoa muda wote wa wimbo. Geuza mashine nyuma, soma kibao kinachosema inakula umeme kiasi gani. Ikiwa inakula wati 80, haiwezi kutoa wati elfu kadhaa. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachopewa. Namba ya kuiamini ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo. Hata hiyo, kuiongeza mara mbili kunakupa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haikushtui. Ili sauti isikike imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kusogeza kochi kunaweza kukupa desibeli hizo kwenye noti iliyopotea bila kutoa shilingi.

Basi tuanze na kochi. Lisogeze nyuma mpaka masikio yako, si mgongo wa kochi, yawe mita 1.67 kutoka ukuta wa nyuma. Hiyo ni theluthi ya urefu wa chumba. Nimeichagua kwa sababu hii: pamoja na wimbi la 35 Hz, chumba cha mita 5 kina wimbi la pili la 70 Hz, ambalo katikati ya chumba linapanda badala ya kushuka. Ndiyo maana hapo ulipo sasa huenda unasikia besi ya juu juu, yenye mtutumo wa kopo, lakini chini yake hakuna kitu. Kwenye theluthi, mawimbi hayo mawili yana nguvu sawa, nusu ya ile iliyopo ukutani. Usilipeleke kochi mpaka ligande ukutani. Huko kila kitu kimepanda, utapata mvumo wa kukuumiza kichwa baada ya nusu saa. Meza ya chakula najua ina mwenyewe, na hilo mtazungumza nyumbani. Ikishindikana kabisa, hata sentimita 50 zitakupa kitu.

Kisha sabufa. Kona inaipa nguvu, maana kila uso ulio karibu, sakafu au ukuta, unairudishia sauti upande wa chumba. Lakini kona pia inayachochea mawimbi yote ya chumba kwa kiwango cha juu. Ukiipeleka katikati ya ukuta wa TV, lile wimbi la upana la 44 Hz halichochewi, kwa kuwa sabufa imekaa pale ambapo wimbi hilo halipandi. Utapoteza ukali kidogo, utaurudisha kwa nobu ya sauti, na utapata kitu ambacho nobu haikupi: aliyekaa katikati ya kochi na aliyekaa pembeni watasikia karibu sawa.

Hapo ni mahali pa kuanzia. Mahali penyewe papi, utapatafuta kwa magoti. Usione aibu, mafundi wakubwa wanafanya hivi. Iweke sabufa juu ya kochi, pale unapokaa, irefushie waya. Piga wimbo wa dansi wenye gitaa la besi linalotembea, mwanamuziki anapanda na kushuka nyuzi zote. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, ni 41 Hz, unaofuata 55, kisha 73, kisha 98, kwa hiyo gitaa hilo peke yake linakupimia chumba karibu chote. Sasa wewe tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa chini usawa wa sabufa, usikilize. Kuna mahali noti moja itavimba na nyingine zitazama. Kuna mahali zote zitatoka zikiwa na kimo kimoja, unaweza kuzihesabu. Usitafute panapovuma zaidi, tafuta panapolingana. Ukipapata, weka alama kwa chaki, irudishe sabufa hapo, wewe rudi kochini. Utasikia ulichokisikia ukiwa chini, kwa sababu njia ya sauti kutoka hapa kwenda pale ni ileile ya kutoka pale kuja hapa.

Kama sabufa yako ina tundu la hewa nyuma, liachie nafasi ya kiganja kutoka ukutani, lisizibwe. Na usiiweke ndani ya kabati la TV. Kabati litaimba nalo.

Nikiwa bado hapa: siku moja ukitaka kuongeza, usinunue moja kubwa, nunua ya pili ndogo inayofanana na hii. Todd Welti wa kampuni ya Harman alichapisha utafiti mwaka 2002 kuhusu sabufa ngapi zinatosha chumba cha mstatili, na sabufa mbili zilizokaa katikati ya kuta zinazotazamana zilitoka vizuri sana, kwa sababu kila moja inayazima mawimbi ambayo mwenzake anayachochea. Hapo hata chumba cha saruji kinatulia. Kinyume chake, mazulia, mapazia na trei za mayai zilizobandikwa ukutani haziisaidii besi hata kidogo. Robo ya wimbi la 40 Hz ni mita 2.2, na trei ya mayai ina sentimita tano. Zulia nunua, litapunguza mwangwi wa marumaru na maneno yatasikika safi zaidi, lakini mvumo wa mlangoni utakuwa vilevile.

Tuje kwenye swali lako la muziki, sabufa kuamka kwenye filamu tu. Hapa chumba hakina kosa, ni menyu ya risiva. Ili uielewe inabidi ujue hiyo 5.1 maana yake nini. Tomlinson Holman, mhandisi aliyeanzisha THX, viwango vya ubora wa sauti za sinema, ndiye aliyelitoa jina hilo mwaka 1987 katika kikao cha wahandisi wa filamu waliokuwa wakijadili idadi ya chaneli. Tano ni chaneli kamili: kushoto, katikati, kulia, na mbili za pembeni nyuma. Hiyo .1 ni chaneli ya sita iliyokatwa, inayobeba sauti nene peke yake, mwisho 120 Hz, iliyowekwa kwa ajili ya mitetemo ya filamu. Inaitwa LFE, na kwa kanuni hupigwa desibeli 10 juu ya chaneli nyingine.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotelea. LFE ni chaneli, sabufa ni spika, na hivyo ni vitu viwili. Wimbo wako wa flashi ni wa stereo: kushoto na kulia, basi. Hauna LFE. Kwa hiyo ikiwa risiva imeambiwa kwamba sabufa ni ya LFE tu, muziki ukija inaangalia, haioni chaneli hiyo, inaiacha sabufa imelala. Filamu ikija yenye chaneli sita, inaiamsha. Mashine imetii ilichoambiwa.

Na imeambiwaje hivyo? Ingia kwenye menyu ya spika. Utakuta spika za mbele zimeandikwa "Large". Neno hilo limewadanganya wengi, wanadhani linauliza ukubwa wa boksi. Linamaanisha: spika hii ipelekewe sauti yote, pamoja na besi ya chini kabisa. Spika zako za mbele, kama ni zile za kuweka mezani, haziwezi kuitoa 35 Hz. Zitajitahidi, zitapasua sauti, na amplifaya ya risiva itapata joto bure. Ziandike zote tano "Small", hata kama unazipenda. Ukifanya hivyo, risiva inakata besi ya kila chaneli na kuipeleka kwenye sabufa, ikichanganywa na ile ya LFE. Muziki wa flashi utaanza kutetema palepale.

Ukishaandika "Small", risiva itakuuliza krosova, yaani ikate wapi. Anza na 80 Hz. THX walichagua hapo kwa sababu chini ya namba hiyo sikio linapata shida kujua sauti imetoka upande gani, kwa hiyo sabufa inajificha, unahisi besi inatoka kwenye spika za mbele. Kama spika zako ni zile ndogo za ukubwa wa kiganja, 80 ni chini mno kwao, kutabaki pengo ambalo hakuna anayelijaza. Wapandishie hadi 120. Lakini hapo sabufa isikae mbali na TV, maana sauti ya kiume itaanza kukuonyesha ilipo.

Kuna chaguo jingine utalikuta, "LFE+Main" au "Double Bass". Liache. Linapiga besi hiyohiyo kwenye sabufa na kwenye spika za mbele kwa pamoja. Zikiwa umbali tofauti zinaongezana kwenye noti moja na kuuana kwenye nyingine.

Nyuma ya sabufa nako kuna nobu ya krosova. Izungushe hadi mwisho wa juu, au kama kuna swichi au tundu limeandikwa LFE, tumia hilo. Kazi ya kukata imeshafanywa na risiva. Mkikata wote wawili, sauti inayokatwa mara mbili inaacha shimo pale ambapo spika na sabufa zinapokezana. Waya wa sabufa ni mmoja tu, wenye pini ya RCA kama zile za deki za DVD, kutoka tundu la risiva lililoandikwa "Sub Pre-Out". Na kama sabufa yako ina swichi ya kujiwasha yenyewe, iweke kwenye "On" wakati wa majaribio. Zile za kujiwasha husubiri mawimbi yafikie kiwango fulani, na muziki wa sauti ya chini hauyafikishi.

Kabla hujaendelea, kagua waya za spika, upande wa jumlisha na wa kutoa, kila spika, pande zote mbili. Hili dogo ndilo linaloiba besi nyingi kuliko hitilafu yoyote. Spika moja ya mbele ikigeuzwa waya, yenyewe inavuta hewa wakati mwenzake anasukuma, na sauti nene zinajiua hewani. Huna uhakika na rangi za waya? Chomoa spika kwenye risiva, chukua betri moja ya rimoti ya volti 1.5, gusisha haraka: jumlisha kwa jumlisha. Koni ya wufa, ile spika kubwa ndani ya boksi, itaruka kuja nje. Ikiingia ndani, waya zimegeuka. Gusa uachie, usishikilie.

Sabufa nayo ina swichi ya fezi, 0 na 180, inayogeuza koni isukume au ivute kwanza. Piga toni ya 80 Hz kutoka programu ya simu, sauti ya wastani, mtu mmoja aibadilishe swichi wewe ukiwa kochini. Inaposikika kubwa zaidi, iache hapo. Toni ya mfululizo isizidi sekunde kumi kwa wakati mmoja na isiwe kali, inaweza kuunguza koili.

Maneno ya waigizaji karibu yote yako kwenye chaneli ya katikati. Kwa hiyo ukilalamikia maneno unailalamikia spika moja. Kwanza iko wapi? Kama umeisukuma ndani kabisa ya rafu ya kabati la TV, ivute mpaka uso wake utokeze ukingoni, na uinamishe au uinue ielekee masikio ya mtu aliyekaa. Kisha pima viwango. Risiva ina kelele ya majaribio inayopita spika moja baada ya nyingine. Pakua kipima desibeli kwenye simu, kaa kochini, zifanye spika tano zisome sawa, 75 hivi. Baada ya hapo ya katikati iongezee desibeli 2, huo ni upendeleo wangu na sijawahi kuujutia. Sabufa usiipime kwa simu. Simu nyingi hukata besi kwenye maikrofoni yake, zitakudanganya kuwa ni ndogo, utaipandisha mpaka majirani waje. Ipange kwa sikio na ule wimbo wa gitaa la besi: iwepo, lakini usijue ilipo.

Kama risiva yako ilikuja na maikrofoni ya kupimia na programu yake, Audyssey kwa Denon, YPAO kwa Yamaha, MCACC kwa Pioneer, itumie baada ya kumaliza kupanga kochi na sabufa. Ikitoka hapo rudi kwenye menyu, maana mara nyingi huzirudisha spika za mbele kwenye "Large". Ikikuandikia kuwa sabufa iko mita 5 wakati iko mita 3, usisahihishe. Amplifaya ya ndani ya sabufa huchelewesha sauti kidogo, na kila milisekunde 2.9 inahesabiwa kama mita moja. Imepima muda, na muda ndio unaotakiwa.

Milipuko kuwa juu kuliko maneno, sehemu yake ni filamu zenyewe, zimetengenezwa kwa ukumbi wa sinema. Usiku watoto wakilala tafuta kitufe cha "Night" au menyu ya "Dynamic Range". Inashusha milipuko na kupandisha maneno. Itumie bila kuona unaharibu kitu.

Spika za nyuma kunyamaza kwenye mpira: matangazo mengi ya king'amuzi huja stereo, hakuna chaneli ya nyuma ya kupiga. Angalia kwanza umeunganishaje. Waya mbili, nyekundu na nyeupe, zinapitisha stereo tu siku zote. HDMI au waya wa optiko unaweza kupitisha 5.1, lakini lazima king'amuzi na TV viambiwe vitoe "Dolby Digital" au "Bitstream" badala ya "PCM". Ukishafanya hivyo na bado kimya, chaneli hiyo inarushwa stereo. Bonyeza Pro Logic II kwenye rimoti ya risiva, itachota mwangwi wa uwanja kutoka kwenye stereo na kuupeleka nyuma, na sauti ya mtangazaji itakaa katikati. Spika hizo zenyewe zisiwe mbele yako. Ziwe pembeni, nyuma kidogo ya mabega, nyuzi 110 hivi ukihesabu kutoka TV. Kochi likirudi nyuma kama nilivyosema, zitaangukia kwenye kuta ndefu bila shida.

Shughuli ikija usiku mmoja na watu wako barazani, usiungie spika za ziada kwenye matundu yaleyale ya spika za mbele. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa hivyo zinakuwa omu 4, risiva inavuta umeme mara mbili, na nyingi zinajizima au zinaungua.

Nenda kwa mpangilio huu: kochi, sabufa, waya, menyu, kisha viwango. Ukianza na viwango utavirudia. Fanya Jumamosi asubuhi kukiwa na utulivu, na ukimaliza chora kwa kalamu ya wino mstari mdogo kwenye nobu ya sabufa na kwenye kibao chake, maana watoto wataizungusha.